Kumgeuza Mama

Jeneza la mama lilikuwa limeshaning'inia kwenye kamba nilipowaambia waligeuze. Wachimbaji wakamtazama mjomba Andrea, mkuu wa ukoo wa mama yangu na mzee wa kanisa, maana huku milimani kwetu Uluguru, mbele ya mjomba, mtoto hana kauli.

Baba yangu, Ignas, alikuwa ametangulia, enzi zile za ruksa, malori ya watu binafsi yalipoanza kupanda mpaka misheni kufuata kabichi. Kwetu mtu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, hata ndoa iwe imezeeka vipi. Ukoo wake ukaja, ukamchukua, ukamlaza ng'ambo ya bonde, upande wa magharibi, miguu ikielekea mawio kama Wakristo wote wa parokia yetu, ili siku ya ufufuo ainuke akilitazama jua. Mama akabaki upande huu na jembe lake.

Jioni moja, tukimenya njegere, aliniuliza, "Deo, hivi siku hiyo baba yako ataisikia parapanda? Ana usingizi mzito yule. Miaka yote nilimwamsha mimi."

Nilikuwa nimeacha seminari, imani imenikauka. "Mama, wafu hawaamki."

"Sikukuuliza hivyo." Akaendelea kumenya. "Mkinilaza kama wengine, nitaamka nimempa mgongo. Mnigeuze."

Nilimwonea huruma. Kisha nikajionea mwenyewe zaidi, maana yeye alikuwa na mtu wa kumtarajia.

Sasa mjomba alikuwa amenikazia macho. "Si wewe uliyetuambia hakuna ufufuo?"

"Ni mimi, mjomba."

"Basi unagombania nini?"

"Mama aliomba. Anataka akiinuka amwone baba."

Mjomba akageuka, akaitazama migomba ya ng'ambo kwa kitambo. Marehemu alikuwa dada yake wa pekee.

"Mgeuzeni," akasema. "Padri akiuliza, nitamjibu mimi."

Msalaba wa mama ukasimama pale ambapo makaburi mengine yana miguu. Watu walipoteremka kwenda kunawa, nilibaki. Siamini hata leo, au niseme siamini sawasawa. Nikatazama ng'ambo, kwenye kaburi la baba, kisha nikainama nikamwambia mama kwamba baba bado amelala.