Panga la Turbini Lililokataa Kupimwa Pakavu

Jana alasiri, nikiwa nimejilaza kwenye kochi baada ya ugali, niliota panga la turbini limekuja kwangu kulalamika. Lilikuwa mojawapo ya yale yanayozungushwa na mvuke wa ardhini pale kituoni kwetu. Lilipiga hodi kwa adabu, nikalimiminia chai.

"Injinia Nyambane," likasema, "ni wewe uliyeandika kwamba nitadumu miaka mitatu zaidi?"

"Ni mimi. Nilichukua kipande cha chuma chako, nikakikunja na kukikunjua mara milioni kumi. Hakikupasuka."

"Ulikikunjia wapi?"

"Maabara. Penye hewa kavu."

Likaweka kikombe chini. "Kwani mimi hufanya kazi penye hewa kavu?"

Nilijua vizuri kwamba mvuke wa moto huja na gesi za chini ya ardhi, ukapenya kila mkwaruzo na kukila chuma, na chuma kinachokunjwa humo huchoka upesi mno. Lakini pakavu ni rahisi, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Niliona aibu hata ndotoni.

"Kanuni yenu inasema kipimo kifanyike panapofanyiwa kazi," likasema. "Basi inuka."

Sebule inageuka tangi. Mvuke unanifika kifuani. Naambiwa niiname na kuinuka, niiname na kuinuka, huku panga likihesabu kwa sauti ya karani wa uchaguzi. Mara ya arobaini na moja, mgongo wangu unalia ta! Ufa mwembamba unapanda kutoka kiunoni kuelekea begani.

Hauumi. Kinachoniuma ni Naserian, mwendeshaji wa zamu. Saa kumi na mbili jioni atawasha turbini akiwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake, kwa kuiamini sahihi yangu.

"Mwambie asiwashe!" napiga kelele.

"Mimi ni panga," linajibu. "Simu nitaitoa wapi?"

Niliamka nimelowa jasho. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nikampigia simu.

"Naserian, umewasha?"

"Bado, Injinia. Sijui kwa nini, mkono umekataa tu."

Nikaketi sakafuni, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. "Asante, dada yangu. Usiiguse kabisa! Naja tupime upya, safari hii ndani ya mvuke."

"Haya. Lakini njoo polepole," akasema. "Na pole na mgongo."

Habari za mgongo sikuwa nimemwambia mtu.