Boneti ya Mama Mkwe

Jirani wa nyumba ya pili anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake. Mama mkwe amesimama getini, begi mkononi, amepiga hodi hadi sauti imemkauka, na mke wa mwanawe yumo humo humo uani, amempa mgongo, anamwitikia kama anavyoitikiwa mchuuzi wa mitumba. Tena si hivyo tu. Alipoingia, badala ya kupewa kiti alipewa kitambaa, akaambiwa futa. Jirani ameyasimulia hayo dukani, saluni na kwenye foleni ya bomba, na kila akiyasimulia lile begi linazidi kuwa zito.

Kuhusu kitambaa, hakusema uongo. Ila hakusema gari lililofutwa lilikuwa la nani, wala nani alimpigia mama mkwe simu.

Gari lilikuwa la mama mkwe mwenyewe. Aliwaachia mwanawe na mkewe walipooana, kwa sharti moja alilolitamka mbele ya watu: wakilichakaza, analichukua. Mke, ambaye mumewe alimbandika jina Darubini kwa kuwa hakuna kinachompita, alikuwa fundi wa mapazia. Kabla ya gari aliyabeba mapazia ya watu kichwani, yanafika yamekunjamana, anaanza kuyapiga pasi upya sebuleni kwa mteja. Tangu gari lije, mume huyapeleka yakiwa yamenyooka kwenye kiti cha nyuma, na wateja wameongezeka hadi cherehani haipoi.

Mume alikuwa mtu mwema, lakini mkono wake ulikuwa na haraka. Kila wiki alilisugua gari kwa dodoki na sabuni ya unga, huku akipiga mluzi, kama anayesugua sufuria iliyoungua. Darubini alimkanya mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Akajibiwa kwamba gari halina ngozi. Basi jua lilipolipiga, rangi yake nyeusi yote ilionekana imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Jirani naye akaiona, na simu yake ilikuwa na salio. Mama mkwe akatuma neno kwamba Jumapili anakuja kuchukua gari lake.

Mume alishika kichwa. Darubini alishika simu, akaangalia video za watu wanaorekebisha rangi nyumbani, akizirudisha nyuma pale mikono inapokwenda mbio, hadi akajua nini kinafuata nini. Mashine ya kupolishi aliiazima kwa fundi rangi, aliyempa pamoja na onyo: kwenye kona na kingo rangi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, ukikaza mashine utaona bati. Kwa hiyo kingo zote alizibandika utepe wa karatasi, akaja kuzifanya kwa mkono. Kwingine alipitisha mashine taratibu, dawa kidogo kwenye sponji, mstari juu ya mstari, halafu anamulika kwa tochi, anainama, anatazama, anarudia. Mume alichungulia akasema mkewe analitafuta gari chawa. Kesho yake alichungulia tena, akaiona sura yake kwenye mlango wa gari, akasimama hapo hapo kuchana ndevu.

Ikabaki seramiki, ile dawa ya kichupa kidogo inayokauka juu ya rangi ikawa koti gumu la kuilinda. Hiyo haitaki vumbi, haitaki jua, na zaidi ya yote haitaki mazungumzo. Ukiipaka unaingoja itoe rangi rangi kama mafuta juu ya maji, kisha unaifuta papo hapo. Ukichelewa inaganda na doa lake. Jumamosi, mume yuko kazini, Darubini alitundika mashuka kuzunguka banda la gari, akaenda sehemu moja moja: milango, paa, buti. Alipofika kwenye boneti, kwa vile mambo yalikuwa yamemnyookea, akajisahau. Akaipaka yote kwa mkupuo.

Rangi zikaanza kuchezacheza. Getini ikasikika hodi.

Sauti aliijua. Ilikuwa ya kesho, imefika leo. Siku nyingine angekimbia, apokee begi, aulize hali ya safari, hali ya nyumbani, hali ya kila ndugu kwa jina lake. Mama mkwe hakuwa mtu wa kurukiwa salamu. Ukimkatisha huanza upya. Darubini alilichungulia geti kati ya mashuka, akaitazama boneti, mkono wake ukaamua kabla yake. Akawa anafuta huku akipaza sauti kwamba karibu mama, geti halijafungwa, shikamoo. Marahaba haikuja. Hodi ikaja tena, kavu zaidi. Kule ukutani, juu ya mashuka, kichwa cha jirani kilikuwa kimeshachomoza.

Mwishowe shuka likainuka, mama mkwe akaingia, uso umefungwa kama duka lililofilisika. Darubini alikuwa amefuta nusu. Nusu ya pili, upande aliosimama mgeni, ilikuwa inaanza kufifia, na mkono wa Darubini ulikuwa bado haujafika huko.

"Mama, nisamehe, nitakusalimia vizuri. Chukua kitambaa hicho ufute hapo mbele yako kabla hapajaganda. Polepole, usikandamize."

Hakuna mkwe aliyewahi kumtuma mama yule. Alimtazama Darubini kuanzia kichwani hadi kwenye ndara. Kisha akaitazama boneti, na humo akakutana na uso wake mwenyewe, wote, hadi mkunjo wa hasira kati ya nyusi. Akaweka begi chini. Akafuta.

Walifuta, mmoja huku, mmoja kule. Mama mkwe alikuwa na mkono mwepesi, wa subira, hata Darubini akajiuliza mumewe ule wa kwake aliurithi wapi. Likabaki doa moja la ukubwa wa kidole gumba.

"Na hapa?"

"Hapo pamegoma, mama. Kesho nitapapitisha mashine nipake upya."

"Kesho mimi na gari langu tutakuwa njiani."

Alilisema bila ukali, kama anayesoma saa. Darubini alikuwa amejipangia maneno mengi ya Jumapili, ya dodoki, ya mapazia, ya wateja. Akayaacha yote.

"Mama, tuachie gari. Nitakuwa nalitunza mimi, si yeye."

"Hiyo mashine ya kesho, nitaitazama ukiipitisha," mama mkwe alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa ameinama juu ya lile doa, midomo ameikunja, analipuliza taratibu, kama mtu anayempuliza mtoto jicho lililoingia mchanga.