Mstari Kati ya Baiskeli na Mtu

Nyamburi alikuwa amepata mjukuu na hajamtia machoni, ingawa moshi wa nyumba aliyozaliwa aliuona kila asubuhi akiwa mlangoni pake.

Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuwahamishia watu pamoja, ndiyo iliyowasogeza karibu hivyo. Zamani binti yake Hana alikuwa ameolewa ng'ambo ya vilima, na mkwe alikaa huko huko mbali anakostahili mkwe kukaa. Sasa wote walikuwa kijiji kimoja nje ya Manyamanyama, nyumba zimepangwa mistari, na njia moja nyembamba ikipita katikati ya pamba ya kijiji. Mkwe mwenyewe, Mwikwabe, alikuwa mpima pamba. Alikuwa na baiskeli, na kutwa alikuwa njiani.

Mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Hilo halina mjadala. Watembeao kwa miguu huonana kwa mbali, mmoja akaingia majanini mapema, heshima ikabaki mahali pake. Baiskeli haikupi nafasi hiyo. Siku Nyamburi alipojaribu kwenda kumwona mjukuu, kengele ya baiskeli ililia kwenye kona, akajitosa kwenye pamba na kuvunja mashina kadhaa. Mwenyekiti wa kijiji, Makongoro, alimsema mbele ya watu kama mtoto. Alirudi nyumbani amechukia kwelikweli.

Kisa hicho kikaleta alama ya njiani. Bwana Maendeleo, Wenceslaus, kijana aliyejaa semina, alikata bati la duara, akalipaka bluu, akachora baiskeli na mtu anayetembea, wamebanana hadi tairi linakaribia kumkanyaga mtu kisigino.

"Huyu wa miguu ni nani?" Nyamburi aliuliza.

"Ni wewe, mama. Njia ni ya wote, mnapita pamoja."

"Na wa baiskeli?"

"Yeyote mwenye baiskeli."

"Hapa mwenye baiskeli ni mmoja tu, na mimi simwangaliaga. Mwanangu, umenichora na mkwe wangu ukatutundika njiani?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Asubuhi moja bati likakutwa na mstari wa chokaa, umeshuka toka juu hadi chini: baiskeli huku, mtu kule. Kuchezea mali ya kijiji halikuwa jambo dogo miaka ile, na mkutano ukaitwa. Nyamburi alikaa nyuma, uso ameuelekeza ukutani, akamsikia mkwewe akikiri bila kuzungukazunguka.

"Ni mimi. Kila mtu awe na upande wake. Mke wangu analiaga, anamtaka mama yake."

Wenceslaus alitaka apelekwe polisi Bunda. Makongoro, ambaye mama mkwe wake alikuwa amepangiwa nyumba ya jirani, na ambaye tangu wahamie alikuwa akitoka kwake kwa kupitia dirishani ili asikutane naye, alikohoa.

"Adhabu ataipata," alisema. "Atang'oa mstari mmoja wa pamba, achonge njia ya pili, ainue tuta katikati. Kufidia pamba atakayong'oa, atalima shamba la kijiji."

Nyamburi alipopita kwa mara ya kwanza, Mwikwabe alikuwa bado ameinama kwenye tuta, amempa mgongo, na hakunyanyuka. Yeye naye alivuta kanga usoni, akapita upande wake bila kukimbia.

Ndani, Hana alimwekea mtoto mapajani.

"Kila mtu anasema ni baba yake mtupu. Wewe mama unaonaje?"

Nyamburi angejuaje? Tangu posa hakuwahi kumwona mkwewe usoni. Alimfunua mtoto shuka, akamtazama paji la uso, pua, kidevu, taratibu, bila aibu yoyote, mpaka akaridhika.

"Kumbe ni mzuri," alisema.