Mlezi wa Chumba cha Wachanga

Wening alikuwa amebakiza juma moja arudi kiwandani, na mtoto wake Kinanti hakuwa na wa kumwachia. Tegemeo lilikuwa mama mkwe, Bu Warsiti, mjane aliyeishi mtaa wa pili hapo hapo mjini Semarang, Indonesia. Lakini Bu Warsiti alishakataa, kwa upole. Alisema magoti yanamsumbua, hawezi kuinama na kuinuka na mtoto mchanga; tena kila asubuhi ana darasa la Kurani na kina mama wenzake. Wening alimwonea huruma, hata akamnunulia mafuta ya kuchua.

Basi akaanza kuzunguka na mtoto kifuani. Kituo cha kwanza kilinuka mkojo tangu mlangoni. Cha pili kilikuwa safi, ila watoto walikalishwa kimya mbele ya televisheni, mlezi anachezea simu. Cha tatu alielekezwa na mwenzake wa kazini. Huko alipokewa vizuri. Mwenye kituo alimwonyesha jikoni, uji wa wali na karoti ukitokota, kisha akampeleka chumba cha wachanga.

Mlezi mmoja alikuwa amechuchumaa akimfunga mtoto nepi, na mtoto mwingine amemning'iniza ubavuni kwa kitambaa cha batiki. Akainuka mara moja, mwepesi kama msichana, akageuka.

Alikuwa Bu Warsiti.

Wening akashika mlango. Mwenye kituo, asiyejua lolote, akaendelea kusifu: huyu ndiye hodari wao, yuko nao mwaka wa pili sasa, mtoto akishindikana wanampa yeye.

"Magoti yamepona, Mama?" Wening aliuliza.

Bu Warsiti alimwomba mwenye kituo awaachie nafasi kidogo. Hakuona haya, wala hakutafuta pa kujificha.

"Magoti hayajawahi kuniuma, mwanangu."

"Sasa kwa nini? Huyu si damu yako?"

"Ndiyo maana. Nimelea wanangu wanne, nikalea na watatu wa dada yake mumeo. Miaka yote hiyo sikuwa na jioni yangu. Nani aliniuliza kama nimechoka? Hapa jioni ikifika navua aproni, naaga, naenda zangu."

Kinanti alikuwa ameanza kumnyooshea bibi yake mikono. Bu Warsiti aliitazama ile mikono, akamgeukia mtoto wa watu aliyekuwa ubavuni.

Nyumbani, Wening alimsimulia mumewe. Galih hakushtuka. Alikuwa akipangusa pikipiki, akaendelea kupangusa.

"Ulijua?"

"Mimi ndiye ninayempeleka asubuhi."

"Galih! Mimi nahangaika na mtoto juani, wewe unajua?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua utamwomba tena, na mara ya pili hataweza kukukatalia."

Wening aliketi pale pale kwenye ngazi. Siku mbili alizunguka vituo vingine na kila alipoingia alijikuta anakilinganisha na kile cha Bu Warsiti. Mwisho akarudi kumwandikisha mtoto. Bu Warsiti alikubali kwa sharti moja: Kinanti alelewe na mwenzake, si yeye.

Asubuhi ya kwanza Wening alimkabidhi mtoto kwa binti mmoja mlezi. Bu Warsiti alikuwa kwenye kona, analisha wawili kwa zamu.

"Karibu, mama Kinanti," alisema, kama anavyomwambia mzazi yeyote.

Wening aliitikia, akatoka haraka. Alitarajia kumchukia yule mama, akaona hawezi. Hasira yote aliyobaki nayo ilikuwa juu ya Galih, na hiyo aliondoka nayo mpaka kiwandani.