Mtungi wa Matanga

Siku jumuiya ya nchi zetu ilipozindua kituo cha pamoja cha forodha mpakani, mpaka ulifungwa. Usalama wa wageni, walisema. Undugu ni mzuri, ila ndugu wenyewe wasogee pembeni.

Vestina, Mrundi aliyeolewa huku kwetu Kumsenga, Tanzania, jirani yangu, alikuwa na mtungi wa pombe ya mtama kichwani, mimi nimemshikia mirija. Mama yake alizikwa kwao ng'ambo, Burundi, na katika ukoo wao matanga hayaondolewi mpaka binti mkubwa alete pombe aliyoipika mwenyewe, wafiwa wainywe kwa mtungi mmoja. Ndayisenga, mdogo wake, alikuwa anatusubiri siku hiyo na ukoo mzima. Jua likitua bila pombe hiyo, Vestina angehesabika amemtupa mama yake.

Askari akatuambia turudi nyumbani. Tulikuwa bado tunambembeleza, akatokea Bazilio, mtendaji wa kata, akauona mtungi, macho yakamng'aa. Wageni walitaka kupigwa picha wakinywa pamoja kwa mirija, ishara ya ujirani mwema, na pombe iliyoagizwa Kasulu ilikuwa haijafika. Vestina akamweleza kuwa hiyo ni ya matanga. Akapiga magoti vumbini, mwanamke wa umri ule.

"Mama, marehemu hana haraka," Bazilio akamjibu. "Hapa tunajenga undugu."

Askari wawili wakauchukua mtungi. Mikono yao na ikauke.

Chini ya turubai hotuba zilikuwa tamu: bidhaa zipite, wachuuzi wasisumbuliwe, jirani amtembelee jirani bila hofu. Vestina wakamweka mbele, ati ndiye mwenyeji. Mgeni mmoja kutoka Burundi, mzee wa suti, akavuta mrija, akafumba macho kwa raha, kisha akamuuliza kwa Kirundi nani alimfundisha kupika.

"Mama," Vestina akasema. "Hiyo ni pombe ya matanga yake. Wanaingoja ng'ambo."

Mzee akauacha mrija. Alielewa; hata kwao ndivyo wanavyofanya. Nikauona uso wake ukisawijika, nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, ataamuru turudishiwe. Wapiga picha wakamwita, atazame huku. Akatabasamu, akainama, akanywa tena. Wakainywa mpaka machicha, watu wakapiga makofi.

Mpaka ulifunguliwa saa ya magharibi, jua limeshatua, magari yao yalipoondoka. Tukakimbia. Vestina aliubeba mtungi mtupu, sijui wa nini.

Uani kwa Ndayisenga watu walishatawanyika na mikeka imekunjwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, habari za kituo, hotuba na picha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nimekuelewa, dada. Umeshakuwa Mtanzania," akasema. "Matanga ya mama tumeyaondoa kwa maji."