Dang'a Kwenye Ndoo

Kinyaa kilimpanda Bi Povu mpaka kooni. Ebo! Bintiye kajifungua asubuhi hiyo, mjukuu wa kwanza, katoto kenyewe kamezaliwa kabla ya siku zake, halafu titi linatoa nini? Ute wa njano, mzito, unanata!

Bi Povu alikuwa mfuaji wa hospitali hiyohiyo, na jina alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia kwa kuwa povu halikumkauka viwikoni. Damu aliizoea. Matapishi aliyazoea. Njano inayonata ndiyo iliyomshinda, maana kwenye mashuka ya wagonjwa njano ya namna hiyo ilikuwa usaha, na usaha aliuchukia kuliko kitu chochote.

"Titi limeoza hilo," alisema, akiziba pua ingawa harufu haikuwepo. "Lete nilikamue mpaka yaje maziwa meupe."

Binti alikuwa hoi, akamwachia. Bi Povu akakamua kwenye kitambaa, uso kaugeuzia ukutani, kisha akakitupa kwenye ndoo ya maji machafu kama anatupa panya aliyekufa. Ptuu! Mtoto akalia kasauti kembamba.

Muuguzi alipopita akakiona kitambaa kinaelea.

"Nani kakamua?"

"Mimi. Usaha ule."

"Usaha? Mama, hiyo ni dang'a! Mtoto huyu kinga yake bado changa, na dang'a ndiyo inayompaka utumbo wadudu wasipenye. Tena hutoka kidogo tu, na wewe umemmwagia."

"Wadudu gani? Mashuka ya humu si nafua mimi?"

"Ndiyo. Na wengine unaondoka nao mwilini. Umewapeleka nyumbani tangu binti yako akiwa mdogo. Mwili wake umepambana nao, umewajua, na kinga aliyoipata anampa mwanawe kwa maziwa hayo. Hebu jitazame kifuani."

Bi Povu akainamisha macho. Kwenye aproni yake palikuwa na doa la njano, bichi, la mashuka ya wodi ya vidonda. Huo sasa ndio ulikuwa usaha wenyewe, na kifua hichohicho ndicho alichomlazia mjukuu kumbembeleza.

Mama wee! Alijichukia mpaka mate yakamjaa mdomoni. Akaivua aproni, akaenda kujisugua mikono na kifua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha. Aliporudi kajifunga khanga safi, akainama kitandani kwa bintiye.

"Mwanangu, yamebaki?"

Binti akamweka mtoto titini. Katoto kakahangaika, kakakamata, kakanyonya. Tone moja la njano likatoka pembeni mwa mdomo, likateremka kidevuni, karibu lianguke shukani.

Bi Povu alitaka kuugeuzia uso ukutani tena. Lakini alinyoosha kidole, akalipangusa lile tone, akamrudishia mjukuu wake mdomoni.