Barza Chini ya Roshani

Bi Wahida alikosea geti. Mageti ya mtaa wetu wa Al-Malqa yanafanana, na adhuhuri ile alibonyeza kengele yetu akidhani amefika kwa mpwawe, aliyekuja kumtembelea kutoka Jeddah. Madam, mwajiri wangu, alimkaribisha ndani apoe na joto. Nilipoleta kahawa na tende, nikamkuta amesimama mbele ya picha ya sebuleni, pua karibu iguse kioo.

"Nimekusikia ukiimba jikoni," alisema kwa Kiswahili cha Unguja. "Mji gani huu, mwanangu?"

"Haupo, bibi. Wachoraji wa Italia walipenda kuchora hivi, karibu miaka mia tatu iliyopita. Hekalu la Roma, daraja la Venisi, magofu ya kubuni, vyote kando ya maji mamoja. Nilisomea sanaa chuoni."

"Shahada nzima, na kazi yako kupangusa vumbi la mji usiokuwepo!"

Tukacheka. Kisha akanishika mkono.

"Basi nijengee na mimi wangu. Barza ya nyumba yetu ya Mkunazini, Unguja, niliyoiacha nina miaka minane. Juu yake roshani ya mbao ya Jeddah, nilikoolewa. Jumapili ya wiki ijayo napasuliwa macho, na daktari hakuniahidi kitu. Nataka niuone kabla."

"Nitakuchorea, bibi."

Akaniachia namba yake.

Nilikuwa na karatasi moja tu nene, niliyotoka nayo Kisumu, nikiiweka kwa shindano la Nairobi. Mshindi angelipiwa masomo zaidi, na walitaka mchoro wenyewe, si nakala. Kila alasiri madam alipolala, nilichora. Bahari ikaingia hadi ngazini. Mwanamke mdogo kuliko punje ya mchele akaanika kanga kati ya nguzo mbili za Kirumi. Nilipotoka mle kwenda kupika, nilihisi kama miguu yangu imelowa.

Sikuwahi kuchora vizuri vile. Nikaanza kujiambia: nitampa picha ya simu, mchoro uende Nairobi.

Alhamisi tulisafiri Jeddah kwa likizo. Jumamosi niliomba ruhusa ya saa moja, nikaenda kwa Bi Wahida, Al-Rawdah. Jioni hiyo rafiki yangu Metrine, aliyefanya kazi hukohuko Jeddah, alikuwa anarudi Kenya. Ndiye angebeba bahasha yenye mchoro hadi Nairobi.

Nikampa Bi Wahida simu yenye picha ya mchoro. Akaisogeza hadi kwenye kope, akaigeuza, akanirudishia.

"Naona mwanga tu. Haidhuru, mwanangu. Umetimiza."

Nikaifungua bahasha. Nikamwekea karatasi mapajani, karibu na dirisha.

Akainama. Kidole chake kikapanda ngazi polepole, kikafika barzani, kikatulia.

"Nani huyu anayeanika?"

"Umtakaye, bibi."



"Ni mama," alisema. "Na kanga hazijakauka."

Simu ikaanza kulia, Metrine. Nikamwambia asinisubiri.